Seva Yangu na Jibini za Mama

Jumatatu, 4 Mei

Nimechaguliwa. Bado nimeduwaa, lakini nitaandika kwa utaratibu kama tulivyofundishwa: kwanza jambo lenyewe, halafu maoni.

Jambo lenyewe. Shule imepata kompyuta kuukuu ya mezani, nzito kama gunia la viazi. Ndani yake mna maswali ya Mtihani wa Serikali ya miaka mingi iliyopita, pamoja na kamusi na vitabu. Inaendeshwa na Linux, programu ya bure. Haihitaji intaneti, na hilo ni jema, maana mtandao wa simu hapa Bihambwe huja unapopenda. Kompyuta inaungwa kwenye ruta, ruta inatoa Wi-Fi, na mwanafunzi yeyote aliye karibu anasoma kwa simu ya mama yake bila intaneti yoyote. Kompyuta inayohudumia wengine namna hiyo huitwa seva.

Ofisi ya Abbé Ladislas, préfet wetu, yaani mkuu wa shule, inavuja. Kwa hiyo aliuliza ni nani ambaye kwao kuna umeme wa turbini ya parokia na anaweza kuitunza seva mpaka mtihani upite. Niliinua kidole kabla hajamaliza swali. Kavuo aliinua baada yangu. Darasa zima liliona.

Kavuo ni binti wa Papa Archange, mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka na lori, ng'ambo ya barabara mbele ya kwetu. Yeye ni wa kwanza katika Kifaransa, mimi katika hesabu. Aliniuliza kwa sauti kubwa kama nitaiweka "ku mugongo ya ngombe". Msimamizi wa seva hajibu mambo kama hayo.

Abbé aliongeza sharti. Seva ikizimika au ikileta matata nyumbani, itahamia kwa kina Kavuo.

Maoni: haitazimika.

Jumanne, 5 Mei

Mama amekubali ikae sebuleni, juu ya meza ya redio. Aliuliza inakula nini. Nikasema umeme kidogo. Aliuliza kama inaleta watu. Nikasema watu wa kusoma tu, Mama, watu watulivu.

Mama ana mawazo yake siku hizi. Papa yuko Walikale kwa kazi ya barabara, na Mama ameanza kutengeneza jibini mwenyewe badala ya kuuza maziwa. Jumamosi ya tarehe 16 Papa Archange atakuja kuzikagua. Akizipenda, lori lake litazibeba kila juma mpaka Goma. Asipozipenda, Mama atarudia maisha ya bidoni, yale madumu ya maziwa: kuamka gizani, kungoja pikipiki isiyokuja, kurudi nyumbani na maziwa yaliyochacha barabarani. Papa Archange ametoa neno moja tu. Anataka kuona rafu imejaa. Mama analirudia neno hilo hata akiwa anafagia.

Nimewasha seva. Imeunguruma kama mashine ya kusaga, kisha ikatulia. Maoni yangu juu ya Linux: inafaa watu wa hali yetu. Haidharau kompyuta ya zamani. Haikusumbui kwa matangazo. Inatenda hasa ulichoiambia, hata ukiiambia upumbavu, na hapo ndipo penye hatari. Kaka Shema, anayesoma informatiki Goma, aliniachia kanuni tatu. Usinakili amri usiyoielewa. Usimpe kila mtu ufunguo wa msimamizi. Weka nakala ya kila kitu kwenye flashi kabla hujagusa chochote.

Nimezibandika ukutani. Ile ya tatu nitaifanya kesho.

Jumatano, 6 Mei

Siku ya kwanza ya huduma. Imeanza kwa utukufu.

Wanafunzi walikuja baada ya masomo. Wi-Fi yetu haivuki ua, kwa hiyo waliketi ndani, kwenye nyasi, kimya, kila mmoja na simu yake. Nilipita katikati yao mikono nyuma kama Abbé. Prince wa darasa letu aliniita Madame Seva. Nilimkemea, lakini si sana.

Kisha Mama akatoka na mtungi.

Nimezaliwa katika nyumba hii na sikulifikiria hili! Kwetu sisi watu wa ng'ombe, mgeni aliyekanyaga ua hatoki bila kunywa maziwa. Haijalishi amekuja kusalimia, kuomba moto ama kusoma fizikia. Mama alimpa kila mmoja kikombe. Wakanywa. Wakaenda kuwaambia ndugu zao. Ndugu zao wakaja na simu, na baadhi bila simu.

Jioni Tonton Bayingana, mdogo wake Mama ambaye ndiye anayekamua, aliuliza maziwa ya jibini ya kesho yako wapi. Mama akamwonyesha vikombe vilivyopinduliwa juani. Nikamweleza Mama kwamba wale si wageni, ni watumiaji.

"Mutu akiingia mu lupango yangu, njo mugeni," akasema. "Unataka baseme kwa Mama Shema batu banatokaka na koo kavu?"

Sikutaka waseme hivyo. Lakini rafu ya chini sasa ina pengo.

Ijumaa, 8 Mei

Pengo linakua. Watumiaji nao wanaongezeka. Prince amekunywa maziwa mara tatu na hajafungua swali hata moja.

Mpango wangu ni huu. Mawimbi yakivuka ua, watumiaji wataketi barabarani. Aliyeketi barabarani si mgeni. Nilimuuliza Mama kwanza, kwa uangalifu, na amekubali kwamba wa barabarani ni wa barabarani.

Ushauri kwa anayetaka Wi-Fi ifike mbali: mawimbi hayapendi kuta nene wala chuma kilicho mbele yake. Weka ruta juu, karibu na dirisha. Lakini chuma kikiwa nyuma yake huyasukuma mbele, kama kioo kilicho nyuma ya taa. Nilichukua kifuniko cha debe kubwa la maziwa, kile cha aluminiamu, nikakifunga nyuma ya ruta. Nikatembea na simu mpaka barabarani. Mawimbi yamejaa. Nikavuka barabara. Bado yamejaa. Nikarudi nyumbani nikiimba.

Saa tisa nilitoka kuwatazama watumiaji wangu. Barabarani hakuna mtu. Wote walikuwa ng'ambo, kwenye baraza ya duka la Papa Archange, palipo na benchi na paa. Na ukutani palitundikwa kipande cha katoni chenye mwandiko mzuri wa Kavuo: HAPA WIFI IKO. NUNUA SUCRÉ KWANZA.

Wi-Fi yangu. Kwa kifuniko changu. Wanakunywa soda za baba yake.

Nilivuka kwenda kulalamika. Kavuo alinijibu kwa upole sana. Alisema mawimbi yamekuja kwao yenyewe, yeye hakuyaita, na kama ningetaka sucré kuna ya ndimu. Nikasema hapana, asante. Nilikuwa na kiu.

Nyumbani Tonton Bayingana alikuwa akizunguka ua akitafuta kifuniko. Nzi watatu walikuwa wameshaanguka ndani ya debe.

Jumamosi, 9 Mei

Kifuniko nimekirudisha. Nzi wametolewa. Maziwa wamepewa ndama.

Nimeomba ruta ya pili iliyokuwa kwenye droo ya Abbé. Mpango: kuielekeza nyuma ya nyumba, kwenye njia ya shule, ambako hakuna benchi, paa wala Kavuo. Nilivuta kebo mpaka dirisha la jikoni, nikachomeka. Vizuri kabisa. Kisha nusu ya watumiaji wakaendelea kusoma na nusu wakaanza kupiga kelele kwamba seva imekufa.

Haikufa. Ruta zote mbili zilikuwa zinagawa anwani, zile namba ambazo kila simu hupewa, kila moja ikidhani iko peke yake. Ni kama mapadri wawili waanze misa mbili ndani ya kanisa moja: walio mbele wanamwitikia huyu, walio nyuma wanamwitikia yule. Ushauri, nauandika kwa uchungu: katika nyumba moja, ruta moja tu ndiyo hugawa anwani. Ya pili iamriwe kunyamaza kabla ya kuchomekwa. Kaka Shema alikuwa ameniandikia jambo hili. Nilikuwa nimelipigia mstari.

Katika kurekebisha, nilinakili amri ambayo sikuielewa vizuri. Nilidhani inafuta anwani za zamani. Ilifuta maswali ya hesabu. Hesabu zote, za miaka yote.

Nakala ya akiba sikuwa nayo.

Nilikaa chini sakafuni. Halafu nikaenda parokia. Abbé Ladislas alinipa flashi yake ili nirudishe hesabu, na hakusema neno lolote. Ningependelea aseme.

Jumapili, 10 Mei

Wazo limenijia wakati wa mahubiri. Naomba msamaha kwa hilo, lakini ni wazo zuri.

Kibanda cha jibini! Kipo chini kabisa mwa ua wetu, kimepakana na njia ya shule. Ni cha mbao, na mawimbi hupita mbao bila shida. Seva ikikaa humo, wanafunzi wataketi njiani, nje ya ua, na hakuna atakayedai maziwa. Tena ni mahali pa baridi, na kila anayejua kompyuta anajua kwamba kompyuta hupenda baridi. Kaka Shema anasema Goma wanazinunulia seva mashine za kuzipa ubaridi. Sisi tunao bure.

Nilimweleza Mama. Aliuliza kama ile mashine inanuka. Nikasema hapana. Aliuliza kama inalamba chumvi. Nikasema hapana. Aliuliza kama kweli wageni hawataingia tena. Nikasema kweli. Akafikiri, akafuta mikono, akasema sawa.

Jumatatu, 11 Mei

Seva iko kibandani, kwenye rafu ya chini, ndani ya lile pengo. Imeingia kama vile pengo lilichongwa kwa ajili yake.

Mama ameitwa aende Ngungu kwenye matanga ya shangazi yake na atarudi Ijumaa. Ameniachia jibini. Kazi ni kuzigeuza kila siku na kuzipangusa kwa kitambaa chenye maji ya chumvi. Alinishika bega akaniambia: "Daphro, hizi fromaji njo sauti yangu mbele ya ule mubaba. Usizisahau." Nikamwambia awe na amani.

Baada ya pikipiki yake kuondoka nilitazama kibanda kwa macho ya msimamizi. Kati ya mbao kuna nafasi nyingi za kupitisha upepo. Vumbi litaingia! Adui mkubwa wa seva ni vumbi. Niliyachukua magunia yote ya ghalani nikaziba kila nafasi, isipokuwa pembe ya karibu na mlango ambako magunia yaliniishia.

Watumiaji wako njiani, wanasoma. Hakuna aliyekunywa kitu. Baraza ya duka ni tupu. Kavuo ameondoa katoni yake, nimemwona mwenyewe.

Jumatano, 13 Mei

Siku tatu bila kosa hata moja. Nimeanza kuogopa furaha.

Maziwa yote sasa ni ya jibini na Tonton Bayingana anapiga mluzi akikamua. Abbé alipita njiani, akaona wanafunzi wamekaa kwenye majani ya migomba mvua ikinyunya, wanajadili mlinganyo. Akanipungia mkono. Kavuo mwenyewe alikuja, akaketi mwisho wa mstari, akasoma kemia. Nilimwacha. Seva haichagui.

Mimi nasomea ndani ya kibanda. Nje kuna baridi na ukungu, ndani mna joto zuri kabisa. Nilivua sweta. Sikujua kwamba kibanda cha jibini ni mahali pa raha hivi. Nilipata wasiwasi kidogo juu ya joto hilo, kwa sababu mimi ni mtu mwangalifu, nikakumbuka kwamba Linux ina amri ya kuuliza kompyuta joto lake. Nikauliza. Ikajibu kwamba iko salama. Basi.

Ushauri: usikisie, pima.

Alhamisi, 14 Mei

Jambo la ajabu na la heri. Jibini zimekua.

Nilikuwa nazigeuza nikaona zimepanda katikati, kama mikate. Zile za juu ya seva zimepanda zaidi. Mapengo kwenye rafu hayaonekani tena. Rafu imejaa! Papa Archange alitaka rafu iliyojaa, na sasa zinagusana. Sikumwambia Tonton. Nataka Mama awe wa kwanza kuona.

Kuna harufu fulani. Nadhani ni maji ya chumvi.

Ijumaa, 15 Mei

Mama amerudi kutoka Ngungu. Nilimshika mkono nikampeleka kibandani, nikafungua mlango.

Sijawahi kuona uso wa Mama ukiwa hivyo, hata siku ya habari za shangazi. Hakupiga kelele. Aliingia, akaweka kiganja juu ya jibini moja, akaibonyeza. Ikatoa pumzi. Ndiyo, ilitoa pumzi, kama mtu aliyelala. Mama akarudi nyuma akakaa juu ya debe.

Kisha akamwita Tonton Bayingana. Akamuuliza kama alinawa mikono kabla ya kukamua. Tonton akasema ananawa tangu hajaota ndevu. Mama akamuuliza ni ng'ombe gani mgonjwa aliyemficha. Tonton akasema hakuna. Mama akasema basi ni mikono. Tonton akavua koti lake la mvua, akalitundika polepole kwenye msumari, akasema kama ni mikono, basi kesho mikono itafute kazi kwingine, kuna watu wa Bweremana wanaotafuta mkamuaji.

Niliinua kidole. Kama darasani. Sijui kwa nini. Wote wawili walinigeukia.

Nikasema: ni mashine, Mama. Ina joto. Na mimi niliziba upepo kwa magunia, kwa sababu ya vumbi.

Mama aliyatazama magunia kati ya mbao. Halafu akauliza ile joto niliisikia ao sikuisikia. Nikasema niliisikia, nikavua sweta. Tonton Bayingana alitoka nje akiwa ameshika mdomo. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka akaegemea ua, na hapo ndipo nilipoanza kulia mimi.

Tumetoa magunia yote. Seva imerudi kwenye meza ya redio. Papa Archange anakuja kesho na hakuna njia ya kumzuia.

Jumamosi, 16 Mei

Papa Archange alikuja na Abbé Ladislas, maana wametoka kusali pamoja, na Kavuo nyuma yao. Mama alivaa kitenge cha Pasaka. Aliwapa maziwa kwanza.

Papa Archange aliingia kibandani, akatoa kisu kidogo mfukoni, akagonga jibini ya kwanza kwa kidole. Ililia kama ngoma. Akagonga ya pili. Akamtazama Mama kwa heshima kabisa.

"Mama Shema," akasema, "hizi fromaji zako ziko na mimba."

Kavuo alitazama dari. Abbé alitazama viatu. Mimi nilitamani kuwa debe.

Mama hakujitetea na hakunitaja. Alisema tu kwamba kulikuwa na joto, kosa ni la nyumba yake. Kisha akaenda kwenye pembe ya karibu na mlango, ile ambayo magunia hayakuifikia, akachukua jibini mbili zilizobaki bapa, akampa. Papa Archange akakata, akanusa, akatafuna. Akatafuna tena. Akampa Abbé kipande. Akakata kingine cha kwake mwenyewe.

Akasema hii ndiyo aliyoijia. Lakini lori halibebi jibini mbili. Atarudi mwishoni mwa Juni, mara moja tu, na rafu iwe imejaa hizi. Mama akaitikia. Pikipiki na bidoni zitaendelea mpaka hapo. Niliona mabega yake yakishuka kidogo na kusimama tena.

Akiwa anatoka, Papa Archange aliwaona wanafunzi njiani wakinyanyua simu, wakitafuta Wi-Fi iliyorudi sebuleni. Akauliza ni nini. Abbé akaeleza. Papa Archange akawahesabu kwa macho, mmoja mmoja. Akasema mashine ya namna hiyo mahali pake ni dukani. Ana depo kubwa nyuma, ghala la bidhaa, ina umeme uleule wa turbini, na ndani yake hamna kitu cha kuoza.

Abbé alinikumbusha sharti, kwa sauti ya chini. Nikasema nakumbuka.

Kavuo hakucheka. Hilo ndilo lililonishtua kuliko yote. Alinikaribia akasema kwamba yeye hajui Linux hata kidogo, na kama seva itakuja kwao, mwenye kuipanga atakuwa nani?

Jumapili, 17 Mei

Seva imevuka barabara kwenye mkokoteni, imefunikwa blanketi langu.

Baada ya misa watumiaji walikuja kwetu kwa mazoea. Hawakuwa wamesikia habari. Mama aliwakaribisha uani kama kawaida. Safari hii hakutoa maziwa. Alitoa jibini zenye mimba, zimekatwa vipande vikubwa, na akasimama hapo mpaka kila mgeni akamaliza kipande chake. Prince alimaliza akiwa na machozi. Akasema asante, Mama. Sidhani kama atarudi.

Mama ameanza jibini mpya jioni hii. Nilimsaidia kubana. Hakunifukuza. Aliniambia tu kwamba kibandani kuanzia leo naingia mikono mitupu, na akanikagua mifuko.

Jumanne, 19 Mei

Leo nimeipanga seva dukani. Rasmi mimi bado ni msimamizi, Abbé amesema mbele ya darasa, na Kavuo ni msaidizi wangu. Alinikaribisha kwa sucré ya ndimu. Nimeikubali.

Nimefanya kila kitu kwa uangalifu wa mtu aliyeonja mateso. Ruta ni moja tu. Neno la siri ni refu. Kanuni tatu zimebandikwa ukutani. Nakala ya akiba nitaifanya juma lijalo, flashi ikipatikana.

Jambo gumu lilikuwa kuchagua mahali. Depo ina dirisha kubwa linaloingiza vumbi lote la barabara, kwa hiyo nilimwomba Papa Archange tulifunge na kulipigilia. Akaniuliza mara mbili kama mashine haitamharibia kitu. Swali la haki, baada ya yaliyotokea. Nikamweleza kwa utulivu kwamba shida haikuwa mashine, shida ilikuwa jibini, maana jibini ni kitu chenye uhai. Hapa hamna chenye uhai. Akaridhika.

Nimeiweka katikati ya depo, penye utulivu, mbali na wapita njia. Katoni za mishumaa zinafaa sana. Nimetumia nne kama meza, nyingine nikazipanga pande zote na juu, zikaizunguka kama ukuta mdogo. Hakuna vumbi litakaloipata humo. Lori lilizileta jana tu, za sherehe za parokia, na ni nyingi mno.

Nimepita tena jioni hii kuangalia. Wanafunzi wamejaa barazani, mawimbi yana nguvu, kompyuta inasema iko salama. Papa Archange ana furaha. Anasema hajui ni kwa nini, lakini tangu mchana duka lote linanukia vizuri, kama kanisa siku ya Pasaka.